Njia ya Kutazama

Lugha yetu ni tajiri, lakini katika jambo moja imebana. Kwetu Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, tunalo neno moja tu: nyama. Nyama ni kile kilichomo chunguni pamoja na mawese na pilipili, na nyama ni kile kipitacho porini kwa miguu minne. Watu wa pwani humwita mnyama aliye hai, na nyama huita ile iliyopikwa. Sisi twasema nyama kwa vyote viwili. Basi mtoto akipiga kelele, “Nyama! Nyama!”, watu wazima hawaulizi ni wa namna gani, ana rangi gani, wala anakula nini. Wanauliza panga liko wapi.

Sisemi hivi ili kuwacheka watu wetu. Mama aliyepika sombe siku sita mfululizo, na watoto wamemzunguka jikoni, nani atamlaumu akifurahi siku ya saba kusikia kwamba mtego umenasa? Lakini nataka kusema nanyi habari ya jambo gumu kidogo, ya kuwa mtu aweza kumwendea nyama wa porini bila mkuki na bila kamba, akamtazama tu, akarudi nyumbani mikono mitupu, na hata hivyo amepata kitu. Tena kitu hicho tusipokitafuta sasa, watoto wetu hawatakipata kamwe.

NJIA YA PEMBE

Katika mwaka 2018 nilikwenda kuwaona jamaa zetu wa Ujiji na wa Dar es Salaam. Msomaji asishangae kwamba mtu wa Lusangi ana jamaa huko. Wamanyema wametapakaa Kigoma, Ujiji, Tabora, hata pwani na Unguja, tangu siku za misafara. Wengine walikwenda kama wapagazi, wengine kama askari, na wengi mno walikwenda na kamba shingoni. Nilivuka ziwa Tanganyika kwa mashua, na huko Kigoma nikapanda gari-moshi. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo hufuata karibu njia ile ile ya zamani, ikapita Tabora na kuendelea hata pwani. Nilikaa dirishani nikiwaza ya kuwa wenzetu waliipita nchi ile kwa miguu, na mizigo kichwani.

Mizigo ile ilikuwa pembe za ndovu. Hizo ndizo zilizowaleta wafanya biashara Manyema. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alikaa Kasongo. Naye alipozeeka alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, akafa Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ingali imesimama katika Mji Mkongwe, nami nilikwenda kuutazama mlango wake. Ndovu wetu walitazamwa na watu wengi katika miaka ile, lakini waliowatazama waliona pembe tu. Pembe zikavuka bahari, zikawa vibao vya piano na mipira ya kuchezea mezani huko Ulaya na Amerika. Ndovu wenyewe, jinsi walivyoishi, jinsi walivyolea watoto wao, nani aliyejali?

David Livingstone alikuwa Manyema tangu mwaka 1869 hata 1871, akakawia miezi mingi hapo hapo Kabambare akiugua vidonda vya miguu. Yeye alikuwa na jicho la kutazama, akaandika katika habari za safari yake juu ya nyama aitwaye soko, yaani sokwe. Lakini tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe kando ya Lualaba, aliona jambo jingine. Wafanya biashara wenye bunduki waliwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto.

Mambo haya mawili, pembe na Nyangwe, hayako mbalimbali. Jicho lililozoea kuona bei katika ndovu, halikukawia kuona bei katika mtu. Hilo ndilo nililoliwaza mbele ya mlango ule, nalo ndilo lililonifanya niitake njia nyingine, njia ambayo mtu huipita bila kuchukua kitu.

KATIKA MSITU WA JOZANI

Toka mjini nilipanda daladala ya kwenda upande wa kusini, nikashuka Jozani. Mahali hapo pamoja na ghuba ya Chwaka pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2004, kilometa 50 za mraba, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya pekee katika Zanzibar. Mgeni hulipa, akapewa kiongozi, akatembezwa. Kiongozi wangu alikuwa kijana wa kijiji cha jirani. Alipojua kazi yangu, akaniita Mwalimu mpaka tulipoagana, kama niitwavyo nyumbani.

Msitu ule umesimama juu ya maji. Maji yako karibu sana chini ya udongo, na wakati wa masika hutokeza juu. Nilitazamia kuona miti migeni, na kweli niliiona, kama vile mitondoo yenye mashina manene na mizizi iliyotambaa. Halafu nikageuka, nikaona mti niujuao kuliko yote: mchikichi! Sisi matunda yake twayaita ngazi, na Lusangi hakuna chungu kisichoyajua mafuta yake. Nikausalimu kama mtu amsalimuvyo ndugu aliyemkuta ugenini. Kijana akacheka sana.

Alitembea polepole mno. Wahenga wasema mwenda pole hajikwai. Nami naongeza ya kuwa mwenda pole ndiye aonaye. Mara alisimama, akainua kidole. Juu yetu, karibu kabisa, walikaa kima punju wapatao ishirini. Mgongo wao ni mwekundu, mabega na mikono ni meusi, tumbo ni jeupe, na nywele nyeupe zimesimama kichwani kama za babu aliyeamshwa usingizini. Walitutazama kidogo, wakaendelea na kula kwao. Mama mmoja alimpakata mtoto, akawa akimchambua manyoya kwa vidole, taratibu, jinsi mama zetu wanavyowasuka binti zao Jumamosi jioni.

Nyama huyu ni wa Zanzibar tu, ulimwengu mzima hayuko kwingine. Punju ni sumu. Watu wa kale walichukia harufu yake, wakamhesabu kuwa wa kisirani. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800 katika kisiwa cha Unguja. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama la mbuzi, kwa hiyo hapendi matunda mabivu. Hula majani machanga na matunda mabichi. Nikaona ajabu moja. Mmoja alishuka chini karibu na mashamba, akaokota kipande cha kaa la moto lililozimika, akaketi akikitafuna kama mtoto na muwa. Kijana akanieleza kwamba majani ya miembe na mikungu yana vitu vikali vinavyosumbua tumbo, na kaa huvivuta. Nani aliyemfundisha kima kutengeneza dawa?

Nikamwuliza, “Ndugu yangu, wakulima hawawachukii nyama hawa?”

Akajibu, “Mwalimu, waliwachukia, na wengine bado wananuna. Wanakula nazi changa. Lakini wataalamu walihesabu nazi, wakaona minazi wanayoitembelea haikupungukiwa mavuno, maana kima hupunguza nazi ndogo, na zinazobaki hukua vizuri. Tena sehemu ya fedha ya wageni huja vijijini. Kima aliyekufa hana faida kwetu. Aliye hai anatuletea wageni kila siku.”

“Na wewe,” nikamwuliza, “unawatazama kwa ajili ya fedha tu?”

Akafikiri. “Nilianza kwa fedha. Sasa nikikosa kuwaona siku mbili, nawauliza wenzangu habari zao.”

Barabara kuu yapita katikati ya msitu, na zamani magari yaliua kima mara kwa mara. Katika miaka ya 1990 paliwekwa matuta, magari yakalazimika kwenda taratibu, na vifo vikapungua sana. Matuta machache ya barabarani, wapenzi wasomaji! Haikuhitaji jeshi wala hazina ya mfalme.

Kisha tukavuka kwenda upande wa mikoko ya Pete. Huko wamejenga njia ya mbao juu ya tope na maji, hata mtu atembee kati ya miti bila kuzama. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake iliyopindika kama mtu aliyekunja magoti. Chini yake kaa wadogo walitoka mashimoni, kila dume na gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipunga juu kana kwamba anamwita rafiki. Samaki wadogo walitoka majini, wakarukaruka juu ya tope, wakapanda mizizini. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikadondoka ikiwa mche tayari, ikachomeka topeni au ikachukuliwa na maji kwenda kutafuta mahali pengine. Kijana alisema samaki wengi wanaovuliwa baharini hukulia kwanza katika mizizi ile, na mkoko ukikatwa ovyo, nyavu hurudi tupu. Tulisimama pale kimya muda mrefu. Nilijiona niko kanisani kabla ya Misa, wakati watu bado hawajafika.

Lakini kisiwa kile kina kidonda chake. Kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Watu waliamini ya kuwa wachawi huwafuga na kuwatuma usiku, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 pakafanywa msako wa kuwaua. Kwa miaka mingi sasa wataalamu wengi wanamhesabu kuwa amekwisha; kilichobaki ni ngozi chache zilizohifadhiwa katika makumbusho. Kima alihesabiwa kuwa sumu, akaokoka. Chui alihesabiwa kuwa uchawi, hakuokoka. Nilimwuliza kijana kama babu yake alimwona chui. Akasema, “Ndiyo, naye alitusimulia mlio wake. Sisi hatuwezi kuuiga.”

Maneno hayo nilirudi nayo Lusangi.

NYUMBANI

Jioni moja baada ya kurudi nilikuwa barazani kwa mzee mmoja wa kijijini, mwindaji wa siku nyingi. Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkatoliki, lakini kwetu jambo hilo halijazuia watu kula pamoja. Alitaka habari za safari. Nikamweleza.

“Mwalimu,” akasema, “ulilipa fedha ili uangalie nyama?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na hukumla?”

“Sikumla, Baba.”

“Hata kumgusa?”

“Ni mwiko, Baba.”

Akawageukia waliokuwapo, akasema, “Huyu wamemwibia mchana kweupe!” Watu wote wakacheka, na mimi pia.

Kicheko kilipokwisha, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kima yule anakula majani ya mti gani, analala matawi ya juu au ya katikati, na dume akitoa sauti jike hujibu namna gani. Mengine niliweza kujibu, mengi sikuweza. Hapo nikatambua jambo. Mzee huyu aliyenicheka amewatazama nyama kuliko mimi, na labda kuliko hata yule kijana wa Jozani. Mwindaji wa kweli hutazama miaka mingi kabla ya kurusha mkuki. Nikamwomba, “Baba, utupeleke. Watoto wa darasa langu na wewe, njia ya kijitoni. Bila mkuki.” Akasema ameona mambo mengi katika maisha yake, basi na hili ataliona.

Tulikwenda Jumapili moja baada ya Misa, watoto kumi na wanne, kwa njia ishukayo toka kijijini, ikapita nyika ya majani marefu na kuingia katika miti iliyofuata kijito. Aliwapanga mmoja nyuma ya mwingine, akawakataza kusema. Kwanza aliwaonyesha mabua yaliyokatwa mshazari, kana kwamba kwa kisu. “Nani aliyekata?” Wakasema ni mtu. “Ni ndezi,” akasema. “Usiku huu huu. Tazameni, utomvu haujakauka.” Akawaonyesha nyayo za paa kandokando ya maji, akawafundisha kujua alikuwa akitembea au akikimbia.

Kisha tukafika penye mti mkubwa wenye tundu lililozibwa kwa udongo, likabaki ufa mwembamba. Tukajificha. Baada ya muda hondohondo dume akaja, na matunda mdomoni, akayapitisha moja moja katika ufa ule. Mzee akawanong’oneza watoto kwamba jike yumo ndani, amefungiwa na mayai yake, wala hawezi kutoka mpaka makinda yakue. Chakula chake chote huletwa na mume. “Ndiyo sababu,” akasema, “baba yangu alinikataza kumpiga hondohondo dume majira haya. Ukimpiga mmoja, umeua nyumba nzima. Wasiojua hupiga tu.”

Wasomaji, nimesoma vitabu kadhaa, nimesikia mahubiri mengi. Sijasikia sheria ya hifadhi iliyosemwa kwa ufupi namna ile. Nayo haikutoka Ulaya wala katika ofisi. Ilikuwa Lusangi siku zote, kichwani mwa mzee mmoja.

Tulirudi na orodha. Watoto waliandika majina 31 ya ndege na nyama, kama mzee alivyoyataja katika lugha ya wazazi wetu. Jioni waliyasoma nyumbani. Majina kumi na mawili, baba zao na mama zao hawakuyajua. Mzee alipoambiwa, hakucheka tena. Akasema, “Mimi katika ujana wangu nilimwona ndovu katika nchi hii. Hawa watamwona katika picha. Sasa hata jina la ndege wa kijitoni litakuwa katika picha?”

KUITA JINA KWANZA

Najua mtakayoniambia. Mtasema vita vimetufukuza mashambani mara ngapi, na mtu aliyelala porini na watoto wake hawezi kuambiwa amtazame ndezi bila kumla. Ni kweli, wala mimi simwambii hivyo. Mwenye njaa na ale. Lakini mbali na njaa, bunduki zilizoletwa na vita zimegeuza nyama kuwa mzigo wa kuuza mbali, nao huuawa dume na jike, mkubwa na mdogo, majira yote. Hiyo si desturi ya wazee wetu. Ni njia ya pembe iliyofunguliwa tena, na wanaofaidika si wenye kijiji.

Wako wanaofanya kazi njema katika Maniema yetu. Magharibi, upande wa mto Lomami, iliwekwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2016. Huko ndiko wataalamu walikotambua kima aitwaye lesula, wakamtangaza mwaka 2012 kuwa mgeni kwa elimu ya dunia. Kwa wawindaji wa huko hakuwa mgeni hata kidogo. Ndio waliokuwa na jina lake. Tazameni basi faida ya jina! Kilicho na jina chaweza kuulizwa habari, chaweza kuhesabiwa, chaweza kuliliwa kikipotea.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba Mungu aliwaleta nyama wote mbele ya Adamu, ili aone atawaitaje. Ruhusa ya kuwala yaja nyuma sana, baada ya gharika, katika siku za Nuhu. Kwanza jina, halafu chungu. Na Bwana wetu, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake wasisumbuke kwa ajili ya kesho, hakuwapeleka kwenye ghala. Aliwaambia wawaangalie ndege. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alitukumbusha ya kuwa viumbe vingine vina thamani yavyo mbele ya Mungu, hata kama havitufai sisi kitu.

Basi ushauri wangu ni mdogo, nao hauna gharama. Enyi walimu na makatekista, chagueni njia moja fupi karibu na kijiji chenu, ya kwenda mtoni au mlimani. Mtafuteni mzee mmoja aliyekuwa mwindaji, au mama mmoja aliyezoea kuokota uyoga na kuni, awaongoze watoto. Nendeni asubuhi, nendeni kimya, msichukue panga. Kila jina mtakalopewa liandikwe katika daftari, pamoja na mahali na mwezi. Rudieni njia hiyo hiyo kila mwezi, mkaone ni nani amekuja na ni nani ameondoka. Msingoje mradi wala mgeni mwenye gari. Wazee wenye majina hayo wamebaki wachache, na kila msimu wa mvua twamzika mmoja.